Chokaa ya Ngumi: Moto, matumbawe na hatima ya magofu ya Wabajuni

Katika kisiwa kidogo cha Ngumi, mojawapo ya visiwa vya Wabajuni vilivyojipanga kati ya Kismayo na Ras Kamboni kusini mwa Somalia, yapo mabaki ya kuta za mawe zilizojengwa bila hata punje moja ya saruji. Kilichozishika ni chokaa: jiwe la matumbawe lililopitishwa motoni, likazimwa kwa maji, kisha likaachwa lirudi kuwa jiwe tena. Swali linaloikabili pwani hiyo leo ni kama kuta za namna hii zitatengenezwa kwa chokaa hiyo hiyo, au kwa mfuko wa saruji ulio rahisi kupatikana dukani. Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya fuwele ambazo jicho haliwezi kuziona.

Suala hili si la mafundi peke yao. Linagusa urithi wa jamii ambayo sehemu kubwa yake imetawanyika tangu vita vya mwaka 1991. Linagusa pia mikoko na miamba ya matumbawe ambayo wavuvi huitegemea, pamoja na fedha ambazo serikali na wafadhili wanaweza kuzitoa siku usalama utakaporuhusu kazi kuanza. Kosa likifanyika katika kuchagua kiungo cha kuta, fedha hizo zitaharakisha maangamizi badala ya kuyazuia.

Visiwa vilivyo pembezoni mwa kila ramani

Ngumi, pamoja na jirani zake kama Koyama, Chovai na Chula, ni miongoni mwa vituo vya mwisho vya Uswahili upande wa kaskazini. Mbele yake umebaki mji wa Barawa na lahaja yake ya Chimwini. Wenyeji wa visiwa hivi huzungumza Kibajuni, lahaja ambayo pia huitwa Kitikuu, na ambayo husikika vilevile Faza na Kiunga, upande wa Kenya.

Mpaka unaowatenganisha ndugu hao ni wa jana tu. Hadi mwaka 1925 eneo la Jubaland lilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya. Mwaka huo Uingereza iliikabidhi Italia ardhi hiyo, na visiwa vya Wabajuni vikafuata bendera mpya bila jahazi hata moja kubadili njia yake ya bahari. Tangu hapo visiwa hivi vimekuwa pembezoni: pembezoni mwa Somalia kwa lugha, na pembezoni mwa Kenya kwa uraia.

Hata katika utafiti vilibaki nyuma. Mtaalamu wa Kiitalia Vinigi Grottanelli alichapisha kitabu kuhusu wavuvi wa Kibajuni mwaka 1955, na mwanaakiolojia Neville Chittick akachapisha ripoti ya ukaguzi wa pwani ya kusini mwa Somalia mwaka 1969. Lakini magofu ya hapa hayakupata bahati iliyoyapata ya Shanga katika kisiwa cha Pate, ambako Mark Horton alichimba kwa misimu kadhaa katika miaka ya 1980, wala ya Kilwa Kisiwani, ambako Chittick mwenyewe alifanya kazi kwa miaka mingi.

Vita vilivyoiangusha serikali ya Somalia mwaka 1991 viliwakimbiza Wabajuni wengi kwenda Mombasa, Lamu na hatimaye Ulaya. Baadaye kundi la Al-Shabaab likaitawala pwani ya Juba ya Chini, hadi Kismayo ilipotwaliwa na majeshi ya Kenya na washirika wao mwaka 2012. Hata hivyo utulivu haujatimia. Mwezi Desemba mwaka 2024 majeshi ya serikali kuu ya Somalia na yale ya utawala wa Jubaland yalipigana Ras Kamboni, kwenye ncha ya kusini ya njia hiyo hiyo ya visiwa.

Katikati ya misukosuko hiyo, Somalia iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1972 unaohusu urithi wa dunia. Hatua hiyo iliifungulia nchi mlango wa kupendekeza maeneo yake na kuomba msaada wa kitaalamu. Kwa hiyo swali la namna ya kuzitunza kuta za pwani limeacha kuwa ndoto. Ni suala la maandalizi, na maandalizi yanaanzia kwenye kuielewa chokaa yenyewe.

Jiwe linapokutana na moto

Matumbawe ni kazi ya viumbe wadogo wa baharini wanaojijengea mifupa kwa kalsiamu kabonati. Katika mfupa huo, atomu za kalsiamu, kaboni na oksijeni zimepangika kwa mtindo unaoitwa aragonaiti. Mtindo huu haujatulia kabisa. Chembe zile zile, kwa idadi ile ile, zinaweza pia kujipanga kwa mtindo mwingine uitwao kalsaiti, ambao ndio ulio imara zaidi juu ya uso wa dunia. Miamba ya kale ya pwani, ile iliyobaki nchi kavu baada ya bahari kushuka, imekwisha kubadilika kwa kiasi fulani kutoka mtindo wa kwanza kwenda wa pili kwa kazi ya maji ya mvua katika maelfu ya miaka.

Moto hufanya kwa saa chache kile ambacho mvua hukifanya kwa muda huo wote. Tumbawe likiwekwa kwenye tanuri, au tanuu kama wasemavyo watu wa Lamu, atomu zake huanza kujipanga upya joto linapofika kati ya nyuzi 300 na 450 hivi za Selsiasi. Aragonaiti inageuka kuwa kalsaiti. Hakuna kilichoongezeka wala kilichopungua, lakini mpangilio mpya unachukua nafasi kubwa zaidi, kiasi cha asilimia 8. Jiwe linatanuka kwa ndani na kupasuka.

Mabadiliko makubwa zaidi huja joto linapokaribia nyuzi 900. Hapo kalsaiti haiwezi tena kuishikilia hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake. Hewa hiyo inatoka na kuchukua asilimia 44 ya uzito wa jiwe. Kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 tu, ingawa pande lenyewe linaweza kubaki na umbo lake lile lile. Aliyelishika kabla na baada ya kuchomwa huuhisi upesi wepesi wake.

Kinachobaki ni oksaidi ya kalsiamu. Fuwele zake zina mpangilio wa mraba unaofanana na ule wa chumvi ya mezani: atomu ya kalsiamu, atomu ya oksijeni, kisha kalsiamu tena, kwa kupokezana kila upande. Kwa kuwa hewa imetoka na kuacha matundu yasiyohesabika, chokaa hii ina kiu kali ya maji.

Hapa ndipo ustadi wa mchomaji unapopimwa. Moto ukiwa mdogo, kiini cha jiwe hubaki kibichi, na chokaa hujaa vipande visivyoshika. Moto ukizidi mno, kufikia nyuzi 1,200 na zaidi, fuwele ndogo huungana na kuwa kubwa, matundu huziba, na chokaa hupoteza kiu yake. Chokaa ya namna hiyo haizimiki vizuri. Huenda ikapakwa ukutani ikiwa bado na punje kavu ndani, na punje hizo zikaja kunywa unyevu miezi kadhaa baadaye, zikavimba na kuibandua lipu. Wachomaji wa pwani hawakuwa na kipimajoto. Walitegemea rangi ya moto, sauti ya jiwe likigongwa na uzito wake mkononi.

Matabaka yanayoteleza

Chokaa kavu ikimwagiwa maji huchemka. Hiyo si tamathali ya semi: joto linalotoka linatosha kuyafanya maji yatokote, na ndiyo sababu kazi hii huwaunguza wasio waangalifu macho na ngozi. Kilo 56 za chokaa kavu hufunga kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za chokaa iliyozimwa.

Mpangilio wa fuwele hubadilika kwa mara ya tatu. Safari hii atomu hazijipangi tena kwa mraba, bali kwa matabaka. Kila tabaka lina kalsiamu katikati, limefunikwa juu na chini na jozi za oksijeni na hidrojeni, mithili ya kurasa za kitabu. Ndani ya ukurasa mmoja atomu zimeshikana kwa nguvu. Baina ya ukurasa na ukurasa, mshiko ni hafifu.

Kutokana na mpangilio huo fuwele hukua zikiwa vibamba vyembamba. Vibamba hivyo vinapoelea katika maji huteleza kimoja juu ya kingine, na hapo ndipo chokaa iliyolowekwa inapopata ulaini wake unaofanana na samli, ule unaomwezesha fundi kuitandaza, kuinyoosha na kuichonga nakshi kabla haijakauka. Zile zidaka za nyumba za Lamu, zilizopangwa safu kwa safu na kutiwa mapambo ya lipu, zisingewezekana bila sifa hii.

Wazee wa kazi walisisitiza chokaa ikae shimoni kwa miezi kabla ya kutumiwa. Sayansi imewaunga mkono. Chokaa inapolala ndani ya maji, vibamba vyake vinazidi kuwa vidogo na vyembamba, na mchanganyiko unazidi kuwa laini. Warumi wa kale nao walilijua hilo. Mwandishi wao Pliny alitaja kanuni ya zamani iliyowakataza wajenzi kutumia chokaa iliyolala kwa muda unaopungua miaka mitatu.

Hatua ya mwisho haihitaji moto wala mkono wa mtu. Chokaa ikiwa ukutani, maji hukauka, na hewa ya kaboni iliyomo angani huingia polepole. Matabaka hufumuka, kalsaiti huzaliwa upya, na chokaa inakuwa jiwe. Safari iliyoanzia baharini inaishia ukutani, na sehemu kubwa ya hewa iliyotoka jiweni wakati wa kuchomwa inarudi mahali pake. Kazi hiyo huanzia kwenye uso wa ukuta na kwenda ndani, na katika kuta nene huchukua miaka mingi.

Kwa nini saruji inadhuru

Saruji ya kisasa nayo ni mtoto wa moto. Huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, mawe ya chokaa yakiwa yamechanganywa na udongo wa mfinyanzi. Hushika kwa saa chache, hustahimili mzigo mkubwa na huvumilia kujengewa ndani ya maji. Kwa bandari, daraja au ghorofa mpya ya Kismayo, hakuna sababu ya kuikataa.

Tatizo hutokea inapopakwa juu ya ukuta wa matumbawe. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, na katika pwani vitundu hivyo havikosi maji wala chumvi. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hutembea ndani ya ukuta na kutokea nje, ambako jua huukausha. Lipu ya chokaa inaruhusu safari hiyo, kwa kuwa nayo ina vinyweleo. Chumvi hukaukia juu ya lipu, na lipu ikichoka hubanduliwa na kupakwa upya. Lipu ndiyo inayoumia, jiwe linabaki salama.

Saruji hugeuza mpangilio huo juu chini. Ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, na ni nzito wa kupitisha unyevu. Maji yanayozuiwa kutoka hukaa nyuma ya lipu, na chumvi huganda ndani ya vitundu vya jiwe lenyewe. Fuwele za chumvi zinapokua husukuma kuta za vitundu hivyo hadi zinapasuka. Kwa nje ukuta huonekana mzima na safi, huku ndani ukigeuka unga. Siku lipu inapoanguka, huanguka pamoja na uso wa jiwe.

Kuna jambo la pili. Nyumba ya mawe hucheza. Msingi hushuka kidogo, boriti za mikoko huvimba na kusinyaa, joto la mchana na baridi ya usiku hupishana. Chokaa ni laini kiasi cha kuufuata mchezo huo, na nyufa zake ndogo zinaweza kujiziba zenyewe, maji ya mvua yanapoyeyusha chokaa kidogo na kuigandisha upya ufani. Saruji haijui kuinama, hivyo hupasuka, na kupitia ufa huo maji huingia yasipate pa kutokea.

Somo la Unguja na Kilwa

Gharama ya kuchelewa ilionekana wazi Zanzibar tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultan Barghash, ilipoporomoka likiwa katika ukarabati. Watu wawili walifariki. Si haki kuibebesha saruji peke yake lawama ya tukio lile, kwa kuwa jengo hilo lilikuwa na nguzo za chuma, mizigo mizito na historia ndefu ya kuvuja. Lakini lilikumbusha kwamba jengo la mawe, boriti na chokaa halingojei mikutano ya kamati. Likishaingiwa na maji, lina kalenda yake lenyewe.

Kilwa imetoa somo la matumaini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Baada ya miaka kumi ya kazi iliyowashirikisha wenyeji katika kuziimarisha kuta na kuzuia mmomonyoko wa ufuo, yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Kazi kama hiyo, kwenye kisiwa kisicho na barabara wala umeme wa uhakika, inafanana zaidi na mazingira ya Ngumi kuliko mradi wowote wa mji mkubwa.

Tofauti ni kwamba Kilwa ilikuwa na amani, na mafundi wake walikuwa kijijini.

Kanuni hiyo hiyo katika betri ya simu

Tabia ya chokaa inafunua kanuni pana inayozihusu oksaidi za aina nyingi. Mpangilio wa matabaka ni mpangilio wenye nafasi. Kati ya kurasa zake kuna pa kuingia na pa kutokea, na ndiyo faida yake. Lakini joto likizidi, kile kinachoweza kutoka hutoka, na matabaka huporomoka kuwa mpangilio mwingine uliobana zaidi.

Chokaa iliyozimwa ikichomwa tena kati ya nyuzi 400 na 500 hutoa maji yake, na kurasa zake zinarudi kuwa ule mraba wa chumvi. Jambo hilo hilo hutokea katika zege lililoungua, kwa sababu saruji iliyoshika nayo ina chokaa iliyozimwa ndani yake. Ndiyo maana nyumba iliyosalimika kwa moto huweza kuendelea kupasuka siku nyingi baadaye, chokaa iliyokaushwa inapokunywa unyevu wa hewa na kuvimba.

Mfano wa karibu zaidi na maisha ya kila siku umo mfukoni. Betri za simu nyingi hutumia oksaidi ya lithiamu na kobalti, ambayo matumizi yake katika betri yalionyeshwa na John Goodenough na wenzake huko Oxford mwaka 1980, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Kolwezi na viunga vyake, ambako wachimbaji wengi huzungumza Kiswahili. Serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa madini hayo nje ya nchi mwezi Februari 2025, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya juu vya mauzo.

Katika oksaidi hiyo, lithiamu hukaa baina ya matabaka ya kobalti na oksijeni. Betri inapochajiwa, lithiamu hutoka, inapotumika, hurudi. Kiwandani ni joto la nyuzi 800 hadi 900 linaloyapanga matabaka hayo vizuri. Ikichomwa kwa nyuzi 400 tu, atomu huchanganyika na kupotea njia. Lakini ndani ya betri iliyojaa chaji, joto la nyuzi 200 na kitu linatosha kuanza kuyavunja. Atomu za kobalti huhamia kwenye nafasi zilizoachwa na lithiamu, oksijeni hutoka, na mpangilio huelekea hatua kwa hatua kwenye mraba ule ule wa chumvi ambao chokaa ya tanurini huupata. Oksijeni hiyo ikikutana na kimiminika kinachowaka kilichomo ndani ya betri, moto huanza.

Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa pikipiki za umeme na taa za jua wanageukia betri za chuma na fosfati, ambazo hazina matabaka ya namna hiyo na huishikilia oksijeni yake kwa nguvu zaidi. Kwa mvuvi anayeiacha taa ya jua juani kutwa nzima ndani ya mashua, tofauti hiyo ni ya usalama. Kwa Kongo, ni swali la soko la kobalti miaka ijayo.

Kuni zitatoka wapi?

Kuitetea chokaa si kutetea kila namna ya kuichoma. Hesabu yake ina upande mchungu.

Ili kupata tani moja ya chokaa kavu, zinahitajika karibu tani 1.8 za jiwe safi. Kuitoa hewa ya kaboni jiweni, bila kuhesabu joto linalopotea, kunakula nishati sawa na zaidi ya kilo 200 za kuni kavu. Katika tanuri la wazi, ambamo magogo hupangwa kwa duara na mawe kurundikwa juu yake, joto jingi huishia angani, na kuni zinazotumika ni mara kadhaa ya kiasi hicho. Hewa iliyotoka jiweni itarudi ukutani, lakini ile iliyotoka kwenye kuni hairudi mpaka msitu uote tena.

Katika pwani ya Wabajuni, msitu ulio karibu ni mikoko. Kwa karne nyingi mikoko hiyo ilibeba biashara ya boriti zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni. Leo ndiyo inayokinga fuo dhidi ya mawimbi na kuwalea samaki wachanga. Wakati huo huo, Kismayo inajua vyema madhara ya kuufanya mti kuwa sarafu. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara ya makaa kutoka Somalia mwezi Februari 2012, kwa sababu mapato yake yalikuwa yakiwanufaisha Al-Shabaab, na bandari ya Kismayo ilikuwa kitovu cha biashara hiyo. Mpango wowote wa kuhifadhi majengo ambao utafufua ukataji holela wa miti utakuwa umeziba ufa mmoja na kufungua mwingine.

Matumbawe hai nayo hayagusiki. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe katika magharibi ya Bahari ya Hindi, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza wimbi la nne la matumbawe kupauka duniani kote. Bahari inayopata joto inaua viumbe wale wale waliojenga jiwe la Ngumi. Kuling'oa lililo hai ili kukarabati lililokufa hakuna hoja inayokuhalalisha.

Njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni kutumia jiwe la kale la nchi kavu, pamoja na vifusi vya kuta zilizokwisha kuanguka, baada ya wataalamu kuviorodhesha. Ya pili ni kuchoma katika tanuri lililofunikwa, linalohifadhi joto, kwa vifuu na makumbi ya nazi au mabaki mengine ya mimea badala ya mikoko. Ya tatu ni kununua chokaa iliyochomwa viwandani, kama inayotengenezwa Tanga nchini Tanzania au Koru nchini Kenya, na kuizima na kuilaza kisiwani. Njia hii ya tatu huenda isiwapendeze wanaotaka kila kitu kiwe cha asili, lakini fuwele haijali moto wake umewashwa wapi. Chokaa iliyochomwa sawasawa na kuzimwa sawasawa itakuwa na matabaka yale yale.

Ujuzi uliotawanyika

Kinachobaki kigumu kuagiza kwa meli ni ujuzi. Kujua chokaa imelala vya kutosha kwa kuigusa kwa mwiko, kujua ukuta ulowanishwe kiasi gani kabla ya kupakwa, kujua lipu ifunikwe siku ngapi ili jua lisiikaushe kabla hewa haijaifanyia kazi: mambo haya hayamo kwenye maandishi ya mfuko. Yamo mikononi mwa watu, na wengi katika watu wa visiwa hivi hawako visiwani.

Hilo linaweza kuwa kizuizi, na linaweza pia kuwa njia. Wabajuni walioko Lamu na Mombasa wanaishi jirani na mafundi ambao hawajaiacha kazi ya chokaa, kwa kuwa Mji Mkongwe wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001 na nyumba zake zinahitaji matengenezo yasiyokoma. Kijana wa Kibajuni anaweza kujifunza leo katika lugha yake mwenyewe, upande mmoja wa mpaka, kazi ambayo ataihitaji kesho upande wa pili. Hakuna haja ya kungoja amani ikamilike Juba ya Chini ndipo mafunzo yaanze, kwa sababu fundi huchukua miaka kuiva kama ichukuavyo chokaa.

Wakati huo huo bahari haingoji. Kwa mujibu wa jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na kasi inaongezeka. Kwa visiwa vilivyo chini kama hivi, kila sentimita inapeleka chumvi ndani zaidi ya misingi ya kuta.

Anayetaka kuonyesha matokeo ya haraka Ngumi atabeba saruji, na picha zake zitapendeza kwa misimu kadhaa ya mvua kabla ukuta haujaanza kumomonyoka kwa ndani. Anayetaka ukuta uwepo wajukuu wa wakimbizi watakaporudi, ataanza na shimo la chokaa, kisha atavumilia.